Jinsi Mnara Alivyofupishwa

Itangazwe kwa wote wenye macho, na kwa wale wanaoazima miwani, kwamba Jumanne moja ya muhula wa pili, saa kumi alasiri, sanaa ya filamu ilipiga hatua ambayo haijawahi kupigwa tangu kamera ya kwanza ifunguliwe jicho. Hatua yenyewe ilipigwa kwenda juu, ndani ya stoo ya vitabu ya shule moja ya bweni, kwenye ngazi ya mpaka rangi yenye vidato saba, cha nne kikiwa hakipo.

Aliyepanda ngazi hiyo ni mpiga picha wa Chama cha Filamu, kijana wa kidato cha tatu mwenye kipaji adimu, jicho kali na moyo safi. Shule nzima ilimwita Mchwa, kwa madai kwamba hula vitu kutoka ndani, kimyakimya, na siku vikianguka ndipo watu wanaulizana ni nani. Jina hilo halikumtendea haki hata kidogo, lakini majina ya utani hayana mahakama ya rufaa.

Ni kweli kwamba muhula uliotangulia lilionekana ubaoni tangazo lenye lugha nzito na mhuri uliochongwa kwa kiazi, likiwataka wanafunzi wote waje mstarini na soksi moja, ya mguu wa kushoto, kwa ajili ya ukaguzi. Ni kweli pia kwamba mkuu wa shule alipotoka ofisini asubuhi hiyo alikuta soksi mia nne zimeinuliwa juu, akasimama akizitazama kama mtu anayepigiwa saluti na nchi asiyoijua. Na kiazi kilipatikana chini ya godoro la Mchwa, kikiwa kimeanza kuota.

Angefukuzwa siku hiyohiyo kama si kaka yake.

Kaka yake alikuwa kiranja mkuu, kidato cha mwisho, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni hata pale mlango usipomdai. Walimwita Mnara. Alikwenda ofisini bila kutumwa, akaandika karatasi na kuitia sahihi mbele ya mwalimu wa nidhamu: mdogo wake akifanya utundu mwingine wowote, yeye Mnara atavua beji ya ukiranja na kuirudisha. Ile beji haikuwa kipande cha bati tu. Mama yao, fundi cherehani, alikuwa ameishonea kimfuko cha pamba cha kulalia, na picha ya Mnara akiwa ameivaa ilining'inia nyumbani juu ya cherehani, mahali ambapo zamani palikuwa na kalenda.

"Sikukuomba," Mchwa alimwambia jioni hiyo.

"Hisani haiombwi, bwana mdogo. Ikiombwa inaitwa kazi."

"Umenidhamini kama baiskeli mbovu."

"Baiskeli mbovu ingekuwa na adabu. Ukiiegemeza ukutani inakaa."

Maneno hayo yalimwingia Mchwa na kutafuta pa kukaa, na yalipopata hayakutoka.

Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyekuwa pia mlezi wa Chama cha Filamu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Walimwita Mwalimu Kata, kwa sababu neno hilo alilizoea kwenye kamera hadi akalitumia kusimamisha kila kitu: ugomvi, hotuba, miayo ya kipindi cha mwisho. Yeye ndiye aliyemweka Mchwa nyuma ya kamera. "Mtoto mtundu mpe kitu kizito cha kushika," alisema, "mikono ikijaa, akili hutulia." Ni mwalimu mzuri sana, ila hapo alikosea kidogo.

Filamu waliyokuwa wakiitengeneza iliitwa *Blanketi Moja*. Msichana wa bweni amechukua blanketi stoo bila ruhusa na kumfunika mwenzake mgonjwa. Kanuni inasema anayechukua mali ya shule afukuzwe. Mkuu wa shule anakaa na faili lake mezani, kalamu mkononi, na msichana amesimama mbele yake. Atie sahihi, asitie? Basi, ndiyo filamu yote. Haina mbio, haina ngumi. Mwalimu Kata alitaka watu watoke ukumbini wakibishana hadi bwenini.

Msichana aliigizwa na Chiriku, ambaye aliweza kukusimulia tukio kabla halijatokea. Alipewa maneno matatu tu filamu nzima.

"Mwalimu, huyu mtoto hana la kusema?" alilalamika.

"Analo. Atalisema kwa macho."

"Macho yangu yaseme nini sasa?"

"Yaanze kwa kukwambia unyamaze."

Na kweli, siku ya Jumatatu walipompiga picha, uso kwa uso, kwa karibu, amesimama na blanketi kifuani, Chiriku alinyamaza hadi watu wakaingiwa na wasiwasi. Maneno yote aliyozuiwa kuyasema yalikwama shingoni, yakaonekana yakipanda na kushuka. Mwalimu alimwambia atazame chini kidogo, kwenye kiti ambacho siku hiyo hakikuwa na mtu, kama anayeona aibu. Alitazama hivyo kwa dakika nzima. Mchwa alikuwa sakafuni na kamera yake, akahisi kama amefungua barua isiyo yake.

Tatizo lilikuwa Mnara, aliyeigiza mkuu wa shule. Alipewa nafasi hiyo kwa urefu, na urefu ndio uliokuwa mchango wake wote. Maneno aliyatamka kama tangazo la kukatika kwa maji. Mikono hakujua aiweke wapi, akaiweka mezani kama vitu vilivyookotwa vinavyomsubiri mwenyewe.

"Wewe unaigiza mkuu wa shule," Mwalimu Kata alimuuliza wiki ya nne ya mazoezi, "au unaigiza sanamu yake?"

"Mwalimu, mkuu wa shule si mtu wa kuchezacheza."

"Hata kupumua hapumui?"

Mwishowe aliamua kwamba mwigizaji akishindwa, kamera imbebe. Akachora ubaoni meza, mtu, na kamera mbili za chaki, moja sakafuni na moja darini. "Sikilizeni. Kamera ikikaa chini ikamtazama mtu kwa juu, hata kokoto linaonekana jabali. Ikikaa juu ikamtazama kwa chini, hata jabali linaonekana kokoto. Mnara tutampiga kutoka sakafuni. Asifanye lolote. Akae tu, tumwogope."

Wanachama wote waliandika sentensi ya kwanza. Mchwa aliandika ya pili.

Hapo ndipo utaona kipaji. Mwingine angewaza unga wa upupu, chura kwenye begi, mambo ya watoto. Mchwa aliwaza pembe. Hakuna kanuni ya shule inayokataza pembe. Hakuna atakayejua, kwa hiyo hakuna beji itakayovuliwa, na kaka mtu, aliyemtazama kutoka juu tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja, atatazamwa kutoka juu na shule nzima, kwenye ukuta, kwa ukubwa wa mita tatu. Aliipima hatari hiyo kama mama yake anavyopima kitambaa, mara mbili, akaona inatosha.

Jumanne Mwalimu Kata aliitwa kwenye kikao cha walimu. Aliacha karatasi mlangoni pa stoo: "Tukio la tisa. Dakika tatu bila kukata. Kamera SAKAFUNI. Usiguse kingine."

Mchwa aliiheshimu karatasi hiyo kwa kadiri alivyoweza. Kamera aliiweka sakafuni. Ilikuwa ni ile kamera kuukuu ya chama, iliyokufa miaka miwili iliyopita, akaiwekea mbele kijitochi kilichofungwa karatasi nyekundu ya peremende ili ionekane inafanya kazi. Kamera iliyo hai aliipandisha juu ya kabati la vitabu lililokuwa mbele ya meza, na nyuma ya kabati akasimamisha ngazi ya mpaka rangi.

Mnara aliingia, akainama mlangoni, akakaa. Alikuwa amevaa koti la kuazima na miwani ya kusomea ya Mwalimu Kata, nene kama kitako cha chupa. Akiivaa alisoma faili vizuri, lakini vitu vya mbali vilimgeukia kuwa uji.

"Wewe utakaa wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya kabati, na maiki. Pumzi zangu zisisikike."

"Pumzi zako tu? Nilidhani utasema na kelele za ubongo wako."

"Kaka, tafadhali, tuko kazini. Ukiona taa nyekundu, soma faili. Kisha shika kalamu. Kisha inua uso, tazama ile karatasi niliyobandika ukutani kando ya kabati, hapo ndipo Chiriku amesimama. Usitazame kamera."

"Hii ya chini?"

"Hiyohiyo."

Mchwa alipanda. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaruka cha nne, akafika juu na kuona kwenye kioo cha kamera kitu alichokuwa akikingoja tangu azaliwe: utosi wa kaka yake. Ulikuwa na kipara kidogo kilichoanza, ukubwa wa kifungo cha shati. Meza ilionekana pana, koti pana, na ndani yake mtu mdogo aliyesahauliwa. Vumbi la vitabu lilikuwa jingi huko juu. Mpiga picha alilamba midomo kwa sababu ya vumbi hilo, akabonyeza kurekodi.

Kwa dakika ya kwanza Mnara alikuwa Mnara. Alisoma faili kama mtu anayesoma faili.

Kisha kitu kikabadilika. Macho yake yalisimama kwenye karatasi, yakaacha kusoma. Mabega yakashuka kidogo. Miguu, iliyokuwa imenyooshwa chini ya meza kama ya mwenye nyumba, ikarudi nyuma taratibu hadi chini ya kiti, ikakutana pale na kujificha. Alishika kalamu. Kalamu ilitetemeka, akaishika kwa mkono wa pili kuituliza, kisha akaona aibu ya ule mkono wa pili, akauondoa. Akainua uso.

Mchwa alikuwa amejiandaa kucheka, hata leso alikuwa nayo ya kuziba mdomo. Leso ilibaki mfukoni. Kidole chake, bila kuulizwa, kilianza kuivuta picha karibu, polepole sana, kuelekea ule uso ulioinuliwa, hadi kwenye kioo hapakubaki koti wala meza, ila vioo viwili vya miwani na chini yake mdomo unaotaka kusema neno na haulipati. Huyo hakuwa kaka yake. Ni mzee fulani aliyeogopa kalamu yake mwenyewe. Dakika ya tatu ilipokwisha, mzee huyo aliilaza kalamu juu ya faili, wazi, bila kutia sahihi na bila kuifunika, na Mchwa alikuwa amekishika kidato cha juu kwa nguvu hadi rangi ikamganda viganjani.

"Umepata?" Mnara aliuliza kutoka chini.

"Nimepata."

"Nilikuwaje?"

"Kawaida," alijibu Mchwa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kudanganya bila kufurahia.

Alhamisi walikaa chumba cha walimu kuunganisha vipande, kwenye kompyuta yenye skrini ndogo kama daftari. Mwalimu Kata alipoona utosi wa Mnara alifungua mdomo, na Mchwa alijua neno litakalotoka. Halikutoka. Alirudisha nyuma, akatazama tena. Kisha akachukua kipande cha Chiriku cha Jumatatu, akakipachika mara tu baada ya Mnara kuinua uso.

Hapo ndipo ajabu ilipotokea. Macho yaleyale ya Chiriku, yaliyotazama chini kwa aibu, sasa yalikuwa yakimtazama mtu aliyekaa chini yake. Aibu ilikuwa imepotea. Msichana alikuwa anamsubiri mkuu wa shule ajieleze. Hakuna mtu aliyegusa uso wa Chiriku, hakuna aliyemwambia aigize upya. Ni kamera ya upande wa pili tu iliyopanda ngazi, na mshtakiwa akawa hakimu.

Mwalimu Kata alimgeukia Mchwa. "Nani alikwambia upande juu?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, na upepo ukipita. Mchwa aliufunga kwa adabu. "Nilifikiria tu, Mwalimu. Nilitaka mtazamaji ajiulize, nani anamhukumu anayehukumu."

Mwalimu alichukua kalamu na kuiandika ile sentensi.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ya wazazi, bwaloni, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ya shule ambayo safari hii yalichukuliwa kwa ruhusa. Mbele alikaa mgeni, mama wa makamo ambaye kazi yake ni kuhariri filamu, mwenye tabia ya kutafuna kifutio cha penseli. Safu ya tatu alikaa mama yao Mchwa na Mnara, mkoba mapajani, shingo imenyooka kuliko shingo za wazazi wenzake.

Ilipofika kalamu kulazwa na ukuta kuwa mweusi, hakuna aliyepiga makofi. Kwa pumzi kama nne bwalo zima lilikaa na yule mzee. Ndipo makofi yalipoanza, nyuma kwanza, na baba mmoja akasikika akimwambia mkewe, "Mimi ningetia sahihi," na mkewe akamjibu, "Ndiyo maana hupewi kalamu."

Mgeni alisimama. "Naomba mpiga picha."

Mchwa alitoka mbele akiwa na mwendo wa mtu anayeitwa kupokea ufunguo wa mji. Mgeni alimuuliza kwa nini alimpiga mkuu wa shule kutoka juu, na yeye, mikono nyuma, alieleza. Alisema mamlaka ni kiti tu. Alisema urefu wa mtu uko kwenye jicho la anayemtazama. Alisema aliumiza kichwa usiku na mchana kuipata pembe ile. Wazazi walitikisa vichwa. Mnara, aliyesimama ukutani na beji yake kifuani, alitazama sakafu.

"Vizuri," alisema mgeni. "Nirudishieni pale anapoinua uso. Hapo. Simamisheni." Aliusogelea ukuta hadi mwanga ukamchora mgongoni. "Mimi, mwanangu, naishi kwa kutazama picha mojamoja. Ndani ya miwani kuna mtu."

Bwalo lote liliinuka kidogo kutoka vitini. Kwenye skrini ya chumba cha walimu miwani ilikuwa midogo kama punje mbili za maharage. Ukutani kila kioo kilikuwa kama sinia. Na ndani ya sinia la kushoto, wazi kabisa, lilionekana kabati la vitabu, juu yake kamera, nyuma ya kamera kichwa chenye masikio yaliyopigwa na jua la dirisha la juu, na chini ya pua kitu cha rangi ya waridi.

"Huyo ni Mchwa," alisema Chiriku, ambaye alikuwa amebanwa na maneno matatu filamu nzima na hakuweza zaidi. "Na ametoa ulimi."

"Vumbi," alisema Mchwa. "Nilikuwa nalamba midomo. Mle stoo mna vumbi."

"Ulimi huo naujua," ilisema sauti ya utulivu kutoka safu ya tatu. "Nimeulisha mimi. Akilamba midomo hautoki hivyo. Hivyo ni vile alivyomtolea kaka yake siku aliponyimwa kiti cha dirishani kwenye basi."

Bwalo lilicheka hadi blanketi moja likaanguka dirishani na mwanga ukaingia. Mwalimu Kata peke yake hakucheka. Alikuja mbele akasimama, na ingawa Mchwa alimzidi kwa kichwa kizima, alijiona anatazamwa kutoka darini.

"Mchwa. Kwa nini kamera haikuwa sakafuni?"

Kabla hajajibu, Mnara alijitenga na ukuta. "Nilimwomba mimi, Mwalimu." Alisema hivyo kwa sauti yake ya kukatika kwa maji, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda kifuani na kuifunika beji, kama mtu anayeficha mshumaa usizimwe na upepo.

Sasa Mchwa angeweza kunyamaza. Mgeni alikuwa ameshamsifu, Mwalimu alikuwa ameshaiandika ile sentensi, na kaka mtu ameshalipokea kosa. Kilichobaki ni kukaa. Lakini aliutazama ule mkono juu ya beji, akaukumbuka: ndio mkono wa pili ulioituliza kalamu, na sasa haukuona aibu.

"Hakuniomba," alisema. "Mwalimu, anadanganya. Nilimwekea kamera mbovu chini, nikapanda ngazi. Nilitaka shule nzima imwone kokoto. Yale maneno ya kuhukumu niliyatunga Alhamisi, ulipouliza."

Mnara ndiye aliyeanza kutabasamu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje? Ulikuwa huoni hata mlango."

"Mlango sikuuona. Faili nililiona. Kivuli chako kilitua juu yake, bwana mdogo, masikio yote mawili, kwenye jina la mshtakiwa."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nainuka kuja kukushusha kwa shati. Halafu nikafikiri, wiki nne naigiza mtu anayetazama watu, na sijaweza. Kumbe huyu mzee naye ana mtu juu yake anayemtazama. Nikasema ngoja nikae chini ya kivuli hiki nione anajisikiaje." Alisita. "Anajisikia vibaya."

Mgeni alitoa penseli mdomoni. "Basi mkuu wa shule tuliyemwona ametengenezwa na wawili," alisema. "Mmoja alitaka kumfanya mdogo, na mwingine akakubali kuwa mdogo. Huko kukubali ndiko nisikoweza kukupata kwenye meza ya kuhariri."

Mwalimu Kata alikuwa bado amesimama. Kila mtu pale bwaloni alikuwa ametoka kuona filamu kuhusu kanuni na kalamu, na kila mtu alimtazama yeye. Alinyoosha kiganja. Mnara akaivua beji na kuiweka juu yake. Safu ya tatu, mama yao alifungua mkoba, akatoa kimfuko cha pamba alichokuja kukirudisha baada ya kukiongeza mshono, akakishika bila kujua akipeleke wapi.

"Dhamana ni dhamana," alisema Mwalimu. "Lakini aliyeiangusha ndiye atakayeiinua. Mchwa, utaandika mambo yote yalivyokuwa, tangu soksi hadi ulimi. Usipunguze, usitie chumvi. Siku nitakayosoma na kuamini kila mstari, beji itarudi kifuani mwake. Kata."

Mpiga picha aliandika siku nne, kwa bidii na unyenyekevu mkubwa, na akaona ni busara kusimulia kama mambo ya mtu mwingine, kwa sababu ukweli hukaa vizuri zaidi mgongoni kwa jirani.

Siku ya tano Mnara alikuja darasani wakati wa kujisomea, akakaa kiti cha mbele akimgeukia. Shati lake lilikuwa na matundu mawili madogo pale beji ilipokuwa. Alisoma kurasa zote, polepole, bila kucheka mahali popote palipowekwa kwa ajili hiyo. Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole.

"Huyu 'mwenye kipaji adimu, jicho kali na moyo safi' ni nani? Ningependa kufahamiana naye."

"Ni mhusika tu, kaka."

"Na hapa." Kidole kikahamia. "'Alilamba midomo kwa sababu ya vumbi hilo.' Unadhani Mwalimu ataamini kila mstari na huu umo?"

Alibaki amekaa, kidole kwenye mstari, matundu mawili kifuani, akisubiri bila haraka, na kwa mara ya kwanza macho yetu yalikuwa kimo kimoja.

Basi naandika. Huyo wa ngazini ni mimi. Kipaji sina uhakika nacho, moyo ulikuwa na mavumbi kuliko stoo, na midomo yangu siku hiyo haikuwa na hata chembe ya vumbi. Ulimi ule ulikuwa wangu, ulitoka kwa makusudi, na ulitoka wote.